Mbegu Kumi na Moja za Aoko

Jumatatu, 22 Februari 1993

Watoto ishirini na watatu darasani leo. Mmoja alifika na kiatu kimoja, akaeleza kwamba kile kingine bado kimelala.

Benta alikuja kugomba tena. Alichungulia dirishani, akamwona mwanawe anaosha vikombe. Sauti yake ilifika hadi kwa wauza mkaa: Mzee Wasike, mimi nilileta mtoto asome, wewe unamfunza kazi ya yaya! Wale wa nasari ya pale juu wanahesabu mpaka mia, wanaimba a-e-i-o-u kama kwaya. Wangu akienda intavyu ya darasa la kwanza atawaambia nini — atawauliza sabuni iko wapi?

Wanawake waliokuwa nje walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Nikamwambia mkono unaobeba gilasi iliyojaa bila kumwaga ndio utakaoshika kalamu. Akasema hayo ni maneno ya mtu ambaye watoto wake wameshakua. Sina watoto.

Aoko alimimina maji. Kutoka jagi la bati hadi vikombe vinne, kutoka vikombe hadi jagi. Mara kumi na saba. Alimwaga mara ya tatu na ya tisa, akafuata kitambaa mwenyewe, akapangusa, akarudi mahali pake. Hakunitazama hata mara moja. Hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta. Mtoto anayekutazama kila dakika anakufanyia kazi wewe, hajifanyii.

Ana miaka mitano na nusu. Baba yake, Dishon, alikuwa dereva wa malori ya Mombasa. Amerudi nyumbani tangu Krismasi, mgonjwa. Lornah, msaidizi wangu, anasema amekonda hadi saa inazunguka mkononi.

Alhamisi, 25 Februari

Nimekata herufi mpya za msasa. Za zamani zimelainika kwa vidole vya watoto — ile b imekwisha kabisa, ni ubao mtupu.

Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa seremala Jinja. Mwaka wa 1956 Bi D'Mello, Mgoa aliyekuwa na nasari karibu na nyumba za reli, alinipa kazi ya kutengeneza viti vidogo. Nilipomaliza viti akataka vibao vya kupangwa kwa ukubwa, halafu fremu za kujifunzia kufunga vifungo. Siku moja akaniambia niache randa, nikae kwenye kona, niwatazame watoto wakivitumia. Niandike nilichoona, si nilichofikiri. Kona ile nilikaa miaka kumi na minne.

Halafu 1970, serikali ya kule ikatutaka sisi wafanyakazi wa Kenya tuondoke. Mke wangu Nabalayo nilimwacha kaburini. Vyombo vyangu niliviacha juu ya benchi, patasi moja ikiwa bado imo ndani ya mbao. Bungoma ndugu zangu walikuwa wameshagawana shamba. Walinichinjia kuku, wakaniuliza naondoka lini. Ndipo Kisumu. Chumba kimoja Kaloleni tangu wakati huo, na hapa Manyatta, darasa katika chumba cha nyuma cha kanisa. Kibukusu changu kimechakaa. Kiluo changu ni cha sokoni. Kilichobaki ni Kiswahili, na kutazama watoto.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua imewahi mwaka huu.

Tumeweka maharagwe na mahindi ndani ya pamba iliyoloa maji, kwenye chupa za kioo ili mizizi ionekane. Wengine walitazama wakaondoka. Aoko alibaki. Dakika arobaini na tano! Mbegu moja aliilaza kichwa chini makusudi, ajue kama mzizi utapotea njia.

Lornah alitaka kumweleza. Nikamshika mkono. Mwache. Lornah ni msichana mzuri, ila amefunzwa kwamba mwalimu aliyenyamaza haonekani kufanya kazi.

Jumatatu, 8 Machi

Mzizi haukupotea. Umejikunja, umeshuka. Aoko alicheka peke yake, akageuza chupa kumwonyesha mtoto wa jirani, kisha akaona haya akairudisha.

Jumanne, 9 Machi

Ameomba mbegu za mahindi.

Alizichagua mwenyewe kwenye debe la kuhesabia. Zilizotobolewa na wadudu alizitenga. Alipanga moja moja juu ya vifuniko vya soda: kumi na moja, hakukosea. Akazifunga kwenye upindo wa gauni. Nikamwuliza anazipeleka wapi. Nyumbani, akasema, mahali pa udongo mweusi. Nikasema vema.

Naiandika furaha ya leo kwa sababu haiji mara nyingi. Mtoto ametoka mlangoni na kazi yake mwenyewe. Hajatumwa na mtu.

Jumatano, 17 Machi

Yameota! Yote! Aoko alifika mbio akionyesha urefu kwa kidole. Yako nyuma ya nyumba ya nyanya yake, kwenye shamba lililolimwa tayari.

Niliona Lornah ameacha kufagia.

Watoto walipoondoka akaja karibu, akaniuliza nani alimpa mtoto mbegu. Mimi, nikasema. Akauliza kama najua Mama Dorca, nyanya ya Aoko, yuko Asembo kwa matanga ya dada yake, wiki ya pili sasa. Sikujua.

"Mwalimu, hiyo boma hakuna mtu amepanda. Wote wanangojea yeye. Hata Milka, mamake Aoko, jembe yake iko ndani ya nyumba. Mama mwenye boma ndiye anapanda kwanza, halafu watoto wake wanafuata. Na sasa mahindi imeota!"

Nikasema ni mtoto wa miaka mitano. Ni punje kumi na moja.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyejikalia kwenye kiti cha marehemu.

Nilijua. Hili ndilo nataka liandikwe hapa, nisije nikajidanganya baadaye. Miaka ishirini na miwili katika mji huu, mwiko huo nimeusikia mara mia: atakayemtangulia mwenye boma kupanda, ameivunja nyumba. Nilikuwa nimeuweka pamoja na mambo ya watu wazima, mambo ya ng'ombe na mahari. Nilimfuata mtoto mpaka mlangoni pa darasa, nikabaki pale nikimpungia mkono.

Ijumaa, 19 Machi

Mama Dorca amerudi jana. Leo Aoko hakuja.

Jumapili, 21 Machi

Nilikwenda baada ya ibada. Boma lao ni la zamani, la kabla Manyatta haijajaa mabati. Shamba linashuka hadi mto Auji. Mama Dorca alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akichambua omena, dagaa wa ziwani. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda. Akasema watoto wangu wanajifunza haraka. Sikujua nicheke au la.

"Mwalimu, marehemu alioa wanawake wawili. Yule mwingine alikuwa mkali kama siafu, lakini hata yeye hakunitangulia kwa hii udongo. Leo nimetanguliwa na kitu bado inakojoa kitandani!"

Alicheka, kisha kicheko kikamharibikia mdomoni. Akalitaja lile neno — chira. Kukonda kunakomshika mtu wa nyumba iliyovunjiwa mwiko, mpaka abaki mifupa. Nikamkumbusha kwamba Dishon alirudi mgonjwa Krismasi, mahindi yamepandwa Machi. Akasema ndiyo, ugonjwa ulikuwa unazunguka nje ya boma. Mtoto ndiye ameufungulia lango.

Dishon alisikia sauti yangu, akaniita ndani. Akamwambia Milka atoke na afunge mlango. Milka alitoka akiwa bado ameshika kikombe cha uji.

Chini ya godoro ana karatasi ya hospitali, ameikunja hadi imekuwa ndogo kama kiberiti. Ya Mombasa, mwezi wa Oktoba. "Nisomee, Mzee. Kizungu yangu ni ya barabara. Labda nilikosea." Nilisoma. Hakukosea. Nikasoma tena polepole, nikitafuta neno moja ambalo lingeweza kuwa na maana nyingine. Hakuna. Ukimwi. Naliandika mara moja tu.

Nikamwuliza kama Milka anajua. Hajui. Nikasema ni lazima ajue, na yeye ana mwili wake.

"Mzee, chira iko na dawa. Hii haiko. Wacha wanipe dawa ya chira. Mama yangu apate kitu ya kufanya."

"Na Aoko?"

Aliichukua karatasi, akaanza kuikunja tena.

"Aoko ni mtoto. Atasahau."

Nikamwambia hapana. Nimewatazama watoto wa umri ule tangu kabla yeye Dishon hajazaliwa. Wanachoambiwa kuhusu mikono yao, mikono inakishika. Nilitaka kusema zaidi. Akaweka kidole mdomoni, kidole chembamba kama cha mwanawe, akaniomba niahidi kutomwambia mtu.

Niliitikia kwa kichwa. Mimi ambaye sijawahi kumdanganya mtoto hata kuhusu uchungu wa kwinini — niliitikia.

Nilipotoka Aoko alikuwa amechuchumaa shambani akitoa nyasi kuzunguka mimea yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote bado.

Jumanne, 23 Machi

Watoto kumi na watano. Benta amemwondoa wake. Hakupiga kelele safari hii, alimfunga tu kamba za viatu, wakaenda. Mtoto alikuwa anajua kujifungia mwenyewe.

Jumamosi, 27 Machi

Nimerudi saa tisa.

Walikaa wanaume wanane barazani kwa Dorca. Mzee Absalom, shemeji yake Dorca, ndiye mkubwa wa boma tangu ndugu yake afe. Alikuwa karani wa bandari, anasoma Biblia kwa lugha tatu. Alinivutia kiti yeye mwenyewe.

Nikasema nililokuja kusema. Mbegu nilitoa mimi. Mtoto alikuwa anafanya nilichomfundisha. Kama kuna kosa, lishuke kwangu.

"Mzee Wasike, wewe ni rafiki yetu," Absalom akasema. "Lakini wewe ni mtu wa Bungoma. Chira yetu haijui nyumba yako. Itakutafuta wapi, kwa hiyo rumu ya kupanga Kaloleni?"

Mmoja akadakia kwamba hata ikitaka kwenda Bungoma, itakosa nauli. Walicheka wote, bila ubaya.

"Mbegu haiulizi imetoka kwa nani," Absalom akasema. "Inauliza ni mkono gani imeifunika."

Nikaanza jambo la pili. Kwamba Dishon alikuwa mgonjwa kabla ya mvua, kabla ya mbegu. Walikuwa wamemtoa nje, amefunikwa blanketi juani. Alinitazama. Nikaishia hapo. Absalom alingoja niendelee. Alingoja kweli, kwa adabu, kama anayemngojea mtu akohoe. Sikuendelea.

Wakamwita Aoko. Milka alikuwa amemvalisha gauni la Jumapili. Absalom alimwuliza kwa upole, na lazima niandike kwamba alikuwa mpole:

"Aoko, nyathina, mtoto wangu, nani alipanda hiyo mahindi?"

Nilitazama chini. Nilitaka aseme uongo. Aseme Mwalimu. Aseme hajui.

"Ni mimi."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna mtu."

"Hata Mama?"

"Mama alikuwa mtoni. Nilichimba na kijiko. Moja, nafunika. Ingine, nafunika."

Alikuwa anatabasamu. Alidhani wamekusanyika kuiona kazi yake! Akamshika Absalom mkono amvute akamwonyeshe.

Wanaume wanane na mimi wa tisa. Hakuna aliyeweza kumtazama.

Sharti ni kwamba mkono uliopanda ndio ung'oe. Aling'oa. Hakuvuta. Alichimba kila mmea pamoja na udongo wake, kama tunavyofanya darasani, akaulaza kwenye kiganja. Alipomaliza akauliza tutaipanda wapi. Akaambiwa aitupe mtoni. Akauliza, "Imekosa nini?" Dorca akasimama akaingia ndani ya nyumba.

Halafu dawa, majani machungu yaliyopondwa, kibuyu kimoja. Baba kwanza, kisha binti. Dishon alitapika. Aoko alimaliza yote.

Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti nilichovutiwa.

Jumatatu, 29 Machi

Aoko amerudi. Saa tatu hadi saa sita: hakugusa kitu.

Amekaa kwenye mkeka wake, mikono chini ya mapaja. Nikamwekea jagi na vikombe. Akaangalia. "Mwalimu, niguse?" Nikamwambia ni vyake. Akaendelea kuangalia. Baadaye akajikojolea palepale. Choo kiko hatua sita. Lornah alipomwuliza mbona hakwenda, alisema mlango ulikuwa umefungwa. Mlango ule hauna komeo, ni wa kusukuma tu. Tangu aje hapa alikuwa anausukuma kwa bega.

Ijumaa, 2 Aprili

Tumefunga muhula. Watoto kumi na mmoja ndio walioagana nami.

Dishon amekula samaki mzima juzi, na jana akatembea hadi langoni. Boma lote linashangilia. Dorca amepanda, Milka akafuata, majirani wakafuata. Lornah ananitazama kwa huruma: unaona, Mwalimu? Nami kwa nusu saa, nikirudi Kaloleni kwa miguu, niliomba iwe kweli. Iwe chira tu. Mtu mzima aliyesoma ile karatasi mara mbili!

Kama angepona leo, Aoko angebeba kosa lililosamehewa. Hilo mtoto anaweza kulibeba.

Jumatatu, 12 Aprili

Pasaka imepita. Dishon hamezi tena.

Jumatano, 21 Aprili

Amekufa Jumatatu asubuhi. Lornah ndiye aliyekuja kuniambia. Alisimama mlangoni, akasema wanawake wanauliza kama kuna mmea uliobaki mizizi. Kama mtoto aling'oa vizuri.

Kumbe ndivyo itakavyokuwa. Dawa ikishindwa, si dawa iliyokosea.

Jumapili, 25 Aprili

Wamemzika jana. Watu wengi, madereva wengi kwa malori yao, honi zikipigwa barabarani.

Nilimtafuta Aoko. Alikuwa kando ya ghala, amesimama peke yake, hakuna mtoto aliyekuwa akicheza karibu naye. Shangazi wawili walipita. Mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidevu: ndiye huyo, Oduma. Oduma ni mahindi. Wameshampa jina.

Nikaenda nikasimama karibu naye. Sikusema neno. Nimezoea kunyamaza ili mtoto afanye kazi yake. Jana nilinyamaza kwa sababu nyingine, na yeye, nadhani, aliijua tofauti. Aliuliza swali moja. Kama Baba angepona iwapo yeye Aoko angepanda kumi tu.

Nikamwambia haikuwa mahindi, Aoko. Haikuwa wewe.

"Ilikuwa nini?"

Sikujibu. Mtoto aliyefundishwa kwamba kila kitu kina sababu ya kutazamwa kwa macho! Alingoja kidogo. Kisha akatazama mbele, kule walikokuwa wanashusha udongo.

Jumatatu, 3 Mei

Tumefungua. Watoto saba.

Aoko amekuja, Milka amemlazimisha. Tulikuwa tunachambua maharagwe kwa rangi. Mtoto mmoja akavuta sahani yake mbali: "Oduma asiguse yangu, atamaliza baba yangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayesema chungu kina moto. Nikamwambia si kweli. Akaniuliza, mbona baba yake amekufa? Wote saba waliinua vichwa. Hata Aoko.

Najua jibu. Liko katika sentensi moja ya Kiingereza niliyoisoma mara mbili. Nimelibeba wiki sita sasa, na kila siku ninayolibeba, mzigo unamshukia mwingine, mwenye kilo kumi na sita.

Nikisema, wataacha kumtazama Aoko. Watamtazama Milka. Watasema yeye ndiye aliyemletea mumewe ugonjwa, watatoa sufuria zake nje kabla ya jioni. Hakuna mtu katika boma lile atakayeuliza nani alikuwa Mombasa. Hili ndilo ninalojiambia kila asubuhi. Ni kweli. Pia linanifaa.

Alhamisi, 6 Mei

Saa mbili asubuhi. Naandika haraka.

Milka amekuja na Aoko kabla ya wengine. Nilimpa kiti, hakukaa. Wazee wamekata shauri jana. Ndugu yake Dishon yuko tayari kumrithi Milka awe mkewe, ila amesema hataingia nyumba yenye yule mtoto. Kwa hiyo Aoko ataondoka Jumamosi, kwa shangazi yake Muhoroni. Shangazi amejifungua, anataka mtu wa kumshikia mtoto. Hatasoma.

"Mzee, hebu sikia hiyo. Wanasema mkono yake inaua, halafu wanaipatia mtoto mchanga ibebe!"

Alicheka. Sijawahi kumsikia Milka akicheka, na sitaki kumsikia tena.

Halafu akasema Dishon alimtoa nje siku ile, yeye mkewe, na uji mkononi. Kwamba mimi nilikuwa ndani muda wa kuchemsha chai. "Alikuambia nini?"

Nikaanza kusema kwamba mgonjwa husema mengi.

"Usinizungushe, Mzee. Nimeosha hiyo mwili miezi nne. Niko na macho. Kitu naogopa nimeshaijua. Nataka mtu mmoja aitaje, na aitaje mbele ya wazee Jumamosi, ndio huyu abaki."

Nikamwuliza kama anajua watamfanyia nini yeye. Akasema anajua. Akasema na huyo ndugu yake Dishon pia ana watoto watatu, je, wao hawahesabiki?

Nikamwomba basi kwanza mtoto akae nje na Lornah.

"Aende wapi? Ni yeye wamemfunga hiyo jina. Asikie."

Aoko alikuwa amesimama kati yetu akinitazama usoni. Nikasema ngojeni nitafute miwani yangu. Nikaingia katika stoo hii ya mikeka, nikarudisha mlango. Daftari lilikuwa mfukoni. Miwani iko usoni pangu. Milka aliiona. Aoko aliiona.

Niliitikia kwa kichwa kwa mtu aliye hai. Sasa amelala ardhini, na kichwa ni changu bado.

Nawasikia. Aoko anamwambia mama yake kitu kwa Kiluo, maneno machache, hata mimi wa sokoni nimeyaelewa: lakini ameivaa. Milka anamwambia anyamaze, Mwalimu anatafuta.

Watoto wengine wanaanza kufika, nasikia viatu.

Milka amegonga, mara moja.

"Mzee? Umepata?"